Wakweka wanaamini nini hasa? Nimekaa nao kimya miaka saba, haya ndiyo ninayoweza kueleza

Kila nikimwambia mtu kwamba mi nasali na Wakweka, yaani Quakers, kundi la dini lililoanzia Uingereza, swali la kwanza ni lilelile, "kwani hao wanaamini nini?" na kila mara nakwama kidogo. Si kwamba sina jibu, ni kwamba swali lenyewe haliwakai vizuri watu wa aina hii. Mkatoliki ukimuuliza atakusomea Kanuni ya Imani, Muislamu atakutajia nguzo tano, yaani unapewa kitu cha kushika mkononi. Wakweka hawana kanuni ya kukariri, na siyo kwamba walisahau kuiandika, walikataa tangu mwanzo na sababu wanazo. Sasa hapohapo mtu anarukia kusema aah basi hao hawaamini kitu, kila mtu na lake, na hilo nalo si kweli hata kidogo. Nimekaa nao miaka saba, Jumapili kwa Jumapili, kwenye chumba ambacho viti vimepangwa duara na hakuna mimbari, na nataka nijaribu kuufungua huu mkanganyiko taratibu, kwa namna nilivyouelewa mwenyewe.

Tuanzie kwa George Fox maana bila yeye mengine hayaeleweki. Mtoto wa mfumaji, kazaliwa 1624 kijiji cha Fenny Drayton huko Uingereza, akafunzwa kazi ya ushonaji viatu. Amekua wakati nchi iko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe na kila kundi la dini linasema ukweli uko kwetu, na huyu kijana ana shida ndani yake, ana giza fulani haliondoki, akawa anazunguka kwa mapadri na wahubiri kuomba msaada. Mmoja alimshauri avute tumbaku na aimbe zaburi. Nikisoma hapo huwa namhurumia kweli, maana anayemwendea mtu wa dini na jeraha akaambiwa vitu vya juujuu namjua, wengi wetu tumeshakuwa huyo. Mwaka 1647, akiwa amekata tamaa na watu wote, anasema alisikia sauti ikimwambia yuko mmoja, Kristo Yesu, anayeweza kuizungumzia hali yako. Na moyo wake ukaruka kwa furaha.

Angalia kilichotokea pale. Hakuambiwa fundisho jipya, Kristo alikuwa anamsikia tangu utotoni. Kilichobadilika ni kwamba Yule aliyekuwa anasimuliwa sasa anasema, na anasema naye, leo, bila mtu wa katikati. Mambo yote ya Wakweka unayoyasikia, ya kukaa kimya, kutokuwa na padri, kukataa viapo na kukataa vita, yanatoka kwenye hicho kitu kimoja. Ukikishika hicho hupotei.

Jina lenyewe lilianza kama dharau. Mwaka 1650 Fox alikuwa mbele ya hakimu kule Derby, akamwambia hakimu atetemeke mbele ya neno la Bwana, hakimu akawaita watetemekaji, na ndiyo hiyo Quaker. Wenyewe walijiita Marafiki, kutoka Yohana 15, pale Yesu anaposema ninyi mmekuwa rafiki zangu mkitenda ninayowaamuru. Majina yote mawili yamebaki, na mi nayatumia yote.

Kuna tukio moja la 1652 ambalo kwangu mimi ndilo linalojibu vizuri swali la "wanaamini nini" kuliko kitabu chochote. Fox aliingia kanisa la Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, akaomba ruhusa ya kusema. Ndani amekaa Margaret Fell, mke wa jaji, mwanamke wa dini, mwenye nyumba kubwa, anayekaribisha wahubiri kila siku. Fox akasema, mtasema Kristo anasema hivi na mitume wanasema hivi, lakini wewe unaweza kusema nini? Je, wewe ni mtoto wa Nuru, umetembea katika Nuru, na hayo unayoyasema yanatoka ndani kwa Mungu? Yule mama alikuwa amesimama, akakaa chini, akalia sana. Ameandika mwenyewe kwamba alilia rohoni akimwambia Bwana sisi sote ni wezi, sisi sote ni wezi, tumeyachukua Maandiko kwa maneno tu na hatujui chochote chake ndani yetu.

Hilo neno wezi linanifuata mpaka leo, manake mimi nilikuwa mtu wa kunukuu. Nilikuwa na mstari kwa kila hali, mtu kafiwa nina mstari, mtu kaachwa nina mstari, na siku nilipofiwa mimi niligundua ile mistari yote nilikuwa naijua kama unavyojua namba ya simu ya mtu ambaye hujawahi kumpigia. Kwa hiyo mtu akisema Wakweka hawaheshimu Biblia, jamani hapana, wale wa mwanzo walikuwa na Biblia vichwani karibu yote. Walichokataa ni kuisema kama yako wakati haijapita ndani yako. Na ndiyo sababu ileile ya kukataa kanuni ya imani, kwamba ukishaiweka kwenye karatasi watu wataisaini bila kuiishi. Mwaka 1656 wazee waliokutana Balby, Uingereza, waliandika barua ya mashauri kwa Marafiki, mashauri mengi tu ya ndoa, ya watoto, ya madeni, halafu mwishoni wakaweka angalizo kwamba haya hatuwawekei kama sheria ya kuifuata, maana andiko huua bali roho huhuisha. Yaani wanakupa mashauri na papo hapo wanakukataza kuyaabudu.

Sasa Nuru. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na baadhi ya Wakweka wenyewe wamo.

Yohana 1:9 inasema habari za Nuru halisi amtiaye nuru kila mtu. Kila mtu, siyo kila mkristo. Wakweka waliichukua hiyo kama ilivyo, wakasema basi kuna kitu cha Mungu kwa kila binadamu, aliyebatizwa na ambaye hajawahi kulisikia jina la Yesu, mfungwa na askari anayemfunga. Fox aliandika akiwa gereza la Launceston mwaka 1656 kwamba Marafiki watembee duniani kwa uchangamfu wakiitikia kile cha Mungu kilichomo kwa kila mtu. Maneno matamu sana, na kwa kuwa ni matamu yamelainishwa, siku hizi utasikia watu wanayatafsiri kama "kila mtu ana uzuri wake" au "sikiliza moyo wako". Hapana, hawakumaanisha hivyo. Margaret Fell aliwaandikia Marafiki kwamba wajitendee kwa ukweli na waiache Nuru iwachunguze, maana itakupasua na kukuacha wazi. Nuru ya Wakweka kazi yake ya kwanza ni kukuonyesha usichotaka kukiona, faraja inakuja baadaye, na inakuja kwa njia hiyohiyo.

Robert Barclay, huyu ndiye mwanateolojia wao mkubwa wa mwanzo, Mskoti, kitabu chake cha utetezi kilitoka kwa Kilatini 1676, alitoa mfano ambao mi umenisaidia kuliko maelezo marefu. Alisema dhamiri ni kama kandili na Nuru ni mshumaa uliomo ndani yake. Kandili siyo mwanga. Dhamiri yako imetengenezwa na malezi, na kabila, na shule, na hofu zako, inaweza kukuhukumu kwa jambo lisilo kosa na kukupitisha kwenye kosa kubwa ukiwa umelala usingizi mzuri. Mi naongezea kwamba kioo cha kandili kikishika masizi unaweza kuapa kwamba mshumaa umezimika. Kwa hiyo Mkweka anapokaa kimya hasikilizi mawazo yake, anasubiri kile kinachoyaangalia mawazo yake.

Na hapo unaweza kuuliza, na ni swali halali kabisa, nitajuaje kwamba hii ni Nuru na siyo mimi mwenyewe? Kila kichaa duniani anasema Mungu kaniambia.

Wakweka waliliuliza kwa machungu. James Nayler alikuwa mhubiri mwenye nguvu kati yao, wengine walimwona sawa na Fox au zaidi. Oktoba 1656 akaingia mji wa Bristol amepanda farasi, mvua inanyesha, wafuasi wake wanamwimbia mtakatifu mtakatifu, kama Yesu anavyoingia Yerusalemu. Yeye alidai ni ishara tu ya Kristo aliye ndani ya kila mtu, lakini Bunge lilimhukumu kwa kukufuru, akachapwa, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto, akapigwa chapa ya herufi B, ya blasphemer yaani mkufuru, kwenye paji la uso. Adhabu ya kinyama, hakuna neno lingine. Ila hata Marafiki wenyewe walijua kuna kitu kimekwenda kombo, mtu alisikia kitu cha kweli, kwamba Kristo yumo, kikachanganyika na sifa za watu waliomzunguka, na hakukuwa na wa kumshika mkono mapema. Nayler alitoka gerezani akatubu, akapatana na Fox, akafariki 1660, na maneno aliyoyasema karibu na kufa bado yanasomwa, kwamba kuna roho ninayoihisi isiyofurahia kutenda uovu wala kulipiza kisasi, bali inafurahia kuvumilia yote. Mtu aliyetobolewa ulimi anasema hivyo. Mi nikilinganisha na hasira zangu za kwenye grupu la meseji nanyamaza.

Baada ya hapo likakomaa lile ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa Ukweka, na watu hulitaja kidogo sana wakiwa bize na habari za kimya. Unachosikia peke yako unakipeleka kwa wengine kipimwe. Mungu anasema na mtu mmoja, sawa, ila mtu mmoja anasikia vibaya, kwa hiyo wanaosubiri pamoja wana nafasi nzuri ya kusikia vizuri. Ukitoa nusu ya kwanza unabaki na kanisa la kawaida lenye mkubwa wa kukwambia Mungu kasema nini. Ukitoa nusu ya pili unabaki na kila mtu na mungu wake mfukoni. Wakweka wanazishika zote mbili kwa wakati mmoja, na ni ngumu.

Ngoja nikuonyeshe inavyokuwa, maana maelezo matupu hayatoshi. Jumapili tunaingia, hakuna anayefungua ibada, yule wa kwanza akishakaa akatulia ibada imeanza. Dakika kumi za mwanzo kwangu ni makelele matupu ya ndani, kodi, meseji ambayo sijajibu, maneno ya mtu ya juzi ambayo nayachambua upya nikimtungia jibu kali. Kiti cha mtu kinalia, mtu anakohoa. Halafu kama dakika ya ishirini hivi kuna kitu kinashuka, sijui niseme kinashuka au kinajaa, kimya kinaacha kuwa kukosekana kwa sauti kinakuwa kama mtu wa ziada chumbani, na unajua wenzako nao wamekifikia, hujui umejuaje. Siku nyingine hakiji, saa nzima unapigana na usingizi. Mtu yeyote akijisikia anasukumwa kusema anasimama anasema kwa ufupi anakaa, mwanamke au mwanaume, mzee au mtoto. Margaret Fell aliandika kitabu cha kutetea wanawake kuhubiri mwaka 1666, akiwa gerezani, kwa hiyo kwao hili siyo jambo la juzi.

Na kusimama huko nako kuna mtihani. Niliyefundishwa naye aliniambia jiulize, hiki kimetoka kwa Mungu au ni wazo zuri tu ulilonalo? Kama kimetoka kwake, ni chako peke yako au ni cha wote? Na kama ni cha wote, ni cha leo? Miaka saba nimesimama mara nne. Mara nyingi sana nimekuwa na kitu kizuri, kimepangika vizuri, nikakipitisha kwenye hayo maswali kikafia kwenye la kwanza. Mara ya kwanza niliposimama moyo ulinienda mbio mpaka mikono ikalowa, nikasema sentensi mbili kuhusu baba yangu, nikakaa, na mama mmoja ambaye hata sikumjua jina alikuja baadaye akanishika bega hakusema kitu akaondoka.

Vikao vyao vya mambo ya kawaida, fedha, jengo na kadhalika, navyo ni ibada. Hawapigi kura, kabisa. Kuna karani, anasikiliza, na anapohisi mkutano umeelekea mahali anaandika muhtasari palepale na kuusoma kwa sauti, wote wanasikia, wanasema naafiki au wanasema bado. Hutoki kwenye kikao kumbukumbu hazijaandikwa. Wanachotafuta siyo wengi wape, na siyo kwamba wote lazima wapende, wanatafuta ni wapi tunaongozwa. Kwetu kulikuwa na jambo la kuruhusu kikundi kingine kutumia chumba chetu siku za kati ya wiki, karibu wote tulitaka, mzee mmoja moyo wake haukutulia na hakuweza hata kueleza vizuri kwa nini. Kwenye kura tungemaliza dakika tano. Tukasubiri. Mwezi wa pili bado. Mwezi wa tatu yule mzee akasema kinachomsumbua ni kwamba tunawapa chumba kwa sababu tunataka kodi yao lakini tunajiambia ni ukarimu. Chumba kikawa kimya muda mrefu sana. Tuliwaruhusu, bila kuwatoza, na karani akaandika hivyo na sote tukaafiki. Mtu mmoja mgumu ndiye aliyekuwa ameshika kipande cha ukweli ambacho sisi wengi tulikikalia.

Lakini sitaki kupamba, kwa sababu njia hiyohiyo ya kusubiri imeshawahi kuwa maficho. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika malalamiko dhidi ya utumwa, wakauliza kwa msingi wa kumtendea mwenzio unavyotaka utendewe. Vikao vikapokea, vikasema jambo hili ni zito, vikapitisha juu, likakaa. Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, kikao chao kikuu cha huko, ulikataza wanachama wake kumiliki watumwa 1776. Miaka themanini na nane! Na baadhi ya waliokuwa wakikaa kimya kumsubiri Bwana walikuwa na watu waliowanunua wakiwasubiri nje. Mtu anayenisifia subira ya Wakweka namkumbusha hilo.

Aliyefanya kazi kubwa ya kugeuza hilo ni John Woolman, 1720 hadi 1772, na namna alivyofanya ndiyo teolojia yenyewe imevaa viatu. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani dukani, bosi wake alimwambia aandike hati ya mauzo ya mwanamke mweusi, mnunuzi anasubiri, tena ni Mkweka mwenzao mzee. Akaandika. Lakini akasema mbele yao wote wawili kwamba anaamini kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Na hakuipata amani kwa kule kuandika, baadaye alipoombwa tena na mtu mwingine alikataa. Akatumia miaka iliyobaki kuwafuata Marafiki wenye watumwa majumbani kwao, mmoja mmoja, anakaa nao, anazungumza kwa upole usiokwepa kitu, na akilala nyumba iliyohudumiwa na watumwa alikuwa anatoa pesa wapewe kwa kazi yao. Hakupiga kelele. Pia hakuacha. Alikufa miaka minne kabla ya uamuzi wa 1776.

Ninachojifunza kwa Woolman ni kwamba zile zinazoitwa shuhuda za Wakweka, amani, ukweli, usawa, maisha yasiyo na makuu, siyo orodha ya maadili ya kubandika ukutani. Orodha yenyewe ni ya karne ya ishirini. Mwanzoni ilikuwa tu ni mtu ameonyeshwa jambo hawezi tena kuishi kama hajaonyeshwa. Kiapo kwa mfano, Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo, wakaona kuapa mahakamani ni kukiri kwamba siku nyingine zote unaruhusiwa kudanganya, wakakataa, wakafungwa kwa wingi, mpaka sheria ya Uingereza ikaja kuwaruhusu kuthibitisha bila kuapa mwaka 1696. Kuhusu vita walimwandikia mfalme Charles wa Pili mwanzoni mwa 1661 kwamba wanakataa vita vya nje na silaha za nje kwa sababu yoyote ile. Hilo limewagharimu kila kizazi, na si wote walilishika, vita vya dunia vilipokuja kuna Marafiki waliokwenda jeshini, na wengine waliochagua kuendesha magari ya kubeba majeruhi. Mashirika yao mawili ya huduma, la Uingereza na la Marekani, yalipewa tuzo ya amani ya Nobel 1947 kwa kulisha na kuhudumia watu wa pande zote.

Kwangu mimi ilikuja kwa udogo zaidi. Kazini niliambiwa niweke namba kwenye ripoti ambazo nilijua si kweli, zimeongezwa. Nikataka kuacha kazi, na kwa kweli nilikuwa najisikia mtakatifu sana kwa wazo hilo. Nikaomba Marafiki watatu wakae na mimi, huo ni utaratibu wao wa zamani, hawakushauri, wanauliza maswali ya kweli tu na katikati ya maswali wanakaa kimya. Saa mbili. Mmoja akaniuliza, ukiondoka utakuwa umemwambia nani ukweli? Sikuwa na jibu. Niligundua kuacha kazi ilikuwa njia yangu ya kukimbia maneno matano magumu mbele ya mtu mmoja. Nikaenda nikayasema, namba hizi siwezi kuziandika. Hakufurahi, na mwaka ule mambo yangu pale hayakwenda vizuri, nilipitwa kwenye nafasi niliyoitegemea. Ila ripoti ilitoka na namba za kweli.

Sasa kuna jambo ambalo linawachanganya hata wanaotaka kuelewa kwa nia njema, nalo ni kwamba ukiwaona Wakweka sehemu mbili tofauti unaweza kudhani ni dini mbili. Mwaka 1827 Marafiki wa Marekani waligawanyika, upande mmoja ukamfuata Elias Hicks aliyekazia Nuru ya ndani, upande mwingine ukakazia Biblia na damu ya Yesu iokoayo, na baadaye ukaja uamsho, wakaingiza wachungaji na nyimbo na mahubiri. Wamisionari watatu kutoka huo upande wa uamsho walifika Kaimosi mwaka 1902, na ndiyo maana Marafiki wa Kenya, ambao ni wengi kuliko wa nchi yoyote duniani, wana kwaya na wachungaji na ibada ya kuimba kwa nguvu zote, na karibu nusu ya Wakweka wote duniani wako Afrika. Wakati huo Uingereza wanakaa kimya, na kati yao wapo wasiotumia hata neno Mungu. Mtu anayeandika kwamba "Wakweka ni watu wa kukaa kimya" amewafuta walio wengi kwa sentensi moja, na naomba tuache kuandika hivyo.

Je, wanaweza kuitwa kitu kimoja? Nimelibeba swali hili muda mrefu na sitajidai limeniisha. Mimi ni wa Kristo, nikikaa kimya najua namsubiri nani. Anayekaa kulia kwangu ni hivyohivyo. Anayekaa kushoto kwangu, mtu mwema ambaye alinilelea mtoto nilipolazwa, anasema hajui kuna nani, anajua tu anaitwa na kitu kilicho kikubwa kuliko yeye. Siwezi kusema tofauti hiyo ni ndogo, Fox asingesema ni ndogo. Nadhani pia tunakosea tunapoogopa kutajiana majina ya tunachokiamini eti tusiumizane, kimya cha kukwepana siyo kile kimya cha ibada.

Ila nakumbuka safari ya Woolman ya 1763, alipokwenda kuwatembelea wenyeji wa asili wa Amerika kijiji cha Wyalusing kwenye mto Susquehanna, wakati ambapo njia zilikuwa na hatari ya vita. Jioni moja alisimama akaomba kwa Kiingereza, hakutaka itafsiriwe, alitegemea Mungu atafikisha. Kiongozi wao, Papunehang, alikuwepo, hakuelewa lugha. Baadaye akamwambia mkalimani, napenda kuhisi maneno yanatoka wapi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siku hizi Wakweka wanaamini nini, namwambia njoo Jumapili ukae saa moja, hutaulizwa kitu mlangoni, hutakabidhiwa kitu cha kusaini. Dakika kumi za kwanza zitakuchosha. Watu wawili wakishikana mikono ujue imekwisha, hapo wote tunasalimiana, na kama una swali kuhusu Yesu, au vita, au yule jirani yangu wa kushoto, niulize mimi au muulize yeye mwenyewe, tutakuwa tumekaa palepale.